Shibiri Mbili Kasoro

Nitasema mapema nisije nikajipamba: nilimwonea shemeji yangu wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa mali wala wa sura. Ulikuwa wa kiti. Katika mashua yetu, tezini, nyuma kabisa, palikuwa na ubao mfupi wa kukalia mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Marehemu baba aliukalia kabla yangu. Aliyekaa pale alishika kana, ule mkono wa usukani, na mwenye kana ndiye nahodha. Wengine walivuta kamba na kunyamaza.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alirudi Mtongwe baada ya vita. Jeshini alikuwa fundi wa malori, akarudi na mikono isiyotoka weusi wa mafuta hata aisugue kwa mchanga. Nilimchukua chomboni kwa ajili ya dada yake. Hakujua kutega wavu, alitapika wiki nzima, na wakati huo nilimpenda sana. Mambo yaliharibika siku moja ya shwari. Tulipiga makasia tangu nje ya bandari mpaka kwetu, jua la utosi, na samaki wakalegea kabla hatujafika pwani. Shemeji akaweka kasia chini, akasema, "Shemeji, ni mashine ndogo tu, ya kutundika nyuma. Upepo ukiwapo twatweka tanga. Ukikosa twaiwasha, twenda zetu."

Tangu siku hiyo nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine. Mke wangu alipakua wali akisema, "Mdogo wangu ana akili ya vyuma." Miaka yote niliyomletea samaki hakuwahi kusema nina akili ya chochote. Hata baharia wetu wa tatu, mzee mmoja wa Kidigo asiyependa maneno, aliniuliza tukishona wavu, "Sasa hiyo mashine ikiwaka, wewe wafanya nini?" Aliuliza kwa wema, na ndiyo maana swali liliniuma. Mashine ile ilikuwa na mkono wake wa kuiongozea. Ikiwaka, usukani hufungwa, na kana inabaki kuwa kijiti tu.

Tulivuka kwenda mjini, kwa Mhindi mmoja mtu mzima aliyeuza vifaa vya vyombo vilivyokwisha tumika. Alikuwa na mashine mbili zimetundikwa kwenye boriti. Moja ilikuwa na mguu mrefu wa kushuka majini, lakini imeliwa na chumvi. Ya pili ilikuwa ya kijani, safi, tangi lake linang'aa, ila mguu wake mfupi. Shemeji aliifungua ile ya kijani, akanusa, akazungusha gurudumu lake kwa kiganja na kusikiliza kwa jicho moja limefumbwa. Niliuchukia ustadi ule. Mimi mwenyewe nilijua tezi yetu kuliko nilivyojua uso wangu, kwa kuwa kila mwaka nilizikalafati nyufa zake kwa mkono wangu, lakini mle dukani nilisimama na kofia mkononi kama mpita njia.

"Mguu huu utafika majini?" akaniuliza. "Chombo wakijua wewe."

Mhindi naye akasema twende kwanza tukapime, mashine haiendi popote. Nikakunjua mkono, nikaupima mguu ule mbele yao. Ulikuwa shibiri mbili kasoro. Tezi yetu, nyavu na samaki wakiwa mbele, huinuka shibiri mbili na vidole vinne kutoka majini. Sikuhitaji kwenda popote kupima.

"Utafika," nikasema, "inshallah."

Nilitaka mashine ile imuaibishe mbele ya watu. Hilo ndilo nililotaka, na nikamtia Mungu katika uwongo wangu ili usikike vizuri.

Kazi ya ubao wa kuibebea mashine ilikuwa yangu. Nilichonga kipande cha mvule, nikatoboa matundu kwa keke. Shemeji akashauri tuushushe ubao chini kidogo, upande wa nje. Nikamwambia mbao za chini zimechoka, tukizitoboa tutaingiza maji. Mbao za chini zilikuwa nzima kama siku alipozigongomea baba. Akakubali, akanishikia skrubu.

Siku ya kuijaribu, nusu ya mtaa ilikuja pwani. Watu watano walipanda wakajibana tezini kutazama, na kwa uzito wao nyuma ikazama. Shemeji alivuta kamba mara tatu. Mashine ikakohoa, ikashika, mashua ikaenda kinyume cha upepo bila tanga. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akapaza sauti, "Nahodha mpya huyo!" Mke wangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa pwani, nimeshika kana niliyoichomoa mwenyewe, na lau mashine ile ingetumbukia mle mkondoni ningeshukuru.

Nilingoja siku ya shwari. Ilipokuja, nilipanga nyavu omo, mbele kabisa, nikamwaga na samaki huko huko. Mzee wa Kidigo alinitazama, kisha akaendelea kukunja tanga. Shemeji akawasha. Mashine ikapiga ukelele mkali, kwa kuwa rafadha, yale mapanga yanayosukuma maji, ilikuwa ikizunguka hewani. Ikigusa wimbi inashika kidogo, kisha inaruka tena. Shemeji akaizima upesi isiungue. Jasho lilimtoka. Nilikuwa na furaha, sitaficha, furaha nzima.

Alitazama maji, akatazama omo, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji, niwie radhi. Ndoo huku, ukae hapa tezini, pembeni kabisa. Wewe ndiwe mzito kutushinda."

Nikaenda. Nilikaa kwenye ubao wa baba, mgongo kwenye ukingo, na tezi ikashuka. Rafadha ikauma maji. Shemeji alichuchumaa mbele yangu na mkono wa mashine kwapani, tukaja mpaka pwani hivyo, yeye akiongoza, nami nimekaa kwenye kiti nilichokipigania, mikono mitupu. Nikijaribu kusimama, mashine inalia. Wachuuzi waliokuwa wakitungoja waliona yote. Mmoja akauliza, "Leo nahodha amekuwa gunia la mchanga?" Wakacheka, nao walikuwa na haki.

"Kosa langu," shemeji akawaambia. "Nimepima vibaya mimi."

Tulivua hivyo karibu mwezi mzima. Kila shwari anasema kwa adabu, "Karibu kitini, shemeji," nami nakaa. Samaki walifika wabichi na mke wangu akanunua leso mpya. Kila mara alipojitia lawama mbele ya mtu mwingine, nilihisi uso unawaka.

Ijumaa moja, baada ya sala, nilichukua keke nikaenda pwani peke yangu. Nikaubandua ule ubao, nikaushusha shibiri nzima, nikatoboa zile mbao nilizosema zimechoka. Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho, shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, na kanzu yake ya msikitini. Akainama, akakunjua kidole gumba na kidole cha mwisho, akapima kutoka ubao hadi alama ya maji. Alipima sawasawa, bila kubahatisha.

"Sasa yatosha," akasema.

"Nani alikufunza kupima chombo?"

"Hata kabla hatujaenda dukani nilipima tezi. Kule nikaupima mguu wa mashine pia, nikaona hautoshi. Wewe ukasema utafika. Nikajiambia, shemeji ndiye akijuaye chombo, huenda mkono wangu ndio mbovu."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika ningejua la kufanya.

"Mkono wako ulikuwa sawa," nikamwambia. "Mimi nilijua."

Kisha akaokota keke yangu mchangani, akaipangusa kwa upindo wa kanzu yake nyeupe, akanipa.

Jumamosi upepo haukuwapo. Nilipanda mashuani kabla yake, nikapita kiti cha baba, nikaenda kukaa omo pamoja na nyavu. Mashine ilishika maji vizuri bila mimi.