Viti Safi vya Gari la Watu

Gari langu nimelinunua kwa jasho langu, baada ya kurudi na diploma kutoka ughaibuni, wala sikusaidiwa na mtu. Lakini kila nikiingia, harufu ya nailoni ya viti vipya hunikera.

Siku moja, nilipokuwa mdogo, Baba alikodi gari atutembeze mimi na Mama kisiwani Mombasa. Ngome tuliiona dirishani. Mji wa Kale tuliupita vioo vimefungwa, mapaja yakigandana na nailoni iliyofunika viti. Tulipofika ufuoni, bustani ya Mama Ngina, Baba alisimamisha gari, nikaomba nishuke nikakanyage maji.

"Gari la watu hili," alisema. "Hiyo miguu yenye maji utaiweka wapi?"

"Nitaitoa nje ya dirisha."

Mama alicheka. Baba aliwasha gari.

Jioni tulilirudisha Ganjoni. Mwenyewe alichungulia ndani, akashangaa.

"Mzee, mbona safi hivi? Kwani hamkushuka popote?"

"Tumelitunza," Baba alijibu kwa fahari.

"Mngejiachia tu. Kila likirudi huoshwa."

Akapanda na viatu vyake vya tope, akaondoka nalo.

Nikaangua kilio palepale barabarani.

"Sasa walia nini," Baba aliuliza, "na umetembezwa siku nzima?"