Bibi Akiba Acheza Poka

Fundi waliyemwita Bibi Akiba hakuwahi kutupa kitu. Kipande cha kitambaa kisichotosha hata mfuko wa shati alikikunja akakiweka. Haba na haba, alisema, hujaza kibaba. Kwenye ushonaji tabia hiyo ilimfaa miaka ishirini na sita. Kwenye karata ilimwaibisha kila mwaka.

Maana mafundi wanne wa karakana ile walikuwa na desturi yao: kiti cha dirishani kinachezewa poka, mara moja kwa mwaka, saa ya chakula. Wanawekeana vifungo vya makoti, na atakayevimaliza vya wenzake ndiye atakayekaa penye mwanga. Fundi Kola alikuwa na mwaka wa tatu pale, na mwanga wenyewe aliutumia kuchungulia wapita njia. Bibi Akiba alishonea pembeni, chini ya taa inayopepesa, na macho yake yalikuwa yanafifia. Hakumwambia mtu. Mshono ukipinda, alisingizia uzi. Sasa mwenye karakana alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: gauni moja tena likirudishwa, cherehani yake atapewa mwingine.

Basi akamwendea shemeji yake, mume wa dadake, dereva wa lori aliyejifunza poka kwenye foleni za mpakani. Wakakaa jikoni Jumapili tatu. Kila mmoja karata mbili za siri, na tano za kufunuliwa mezani, za wote.

"Shemeji, saba na mbili hizi unazipeleka wapi?"

"Huenda mezani kikatoka kitu."

"Huyo Huenda ndiye anayekumaliza! Ukigawiwa mara kumi, tupa mara saba."

Ilimuuma, jamani. Lakini alitupa. Akajifunza kwamba anayeamua mwisho ameshaona woga wa wenzake, na kwamba kifungo ukishakisukuma katikati si chako tena, kwa hiyo usikifuate.

"Na mtu anayetupa sana," shemeji akamalizia, "siku akisukuma bila kitu mkononi, watu humwamini. Ila usifanye mara mbili."

Siku ikafika. Bibi Akiba akatupa, akatupa tena, mpaka Fundi Kola akacheka: "Leo umekuja kufagia, Bibi?" Bibi Akiba alipopata malkia wawili alisukuma vifungo vingi, akamtoa mpiga pasi. Kola akamtoa mkata vitambaa. Wakabaki wawili, na rundo la Kola lilikuwa kubwa kidogo.

Mgao uliofuata ukampa saba na nne. Takataka! Ila zamu ya kuamua mwisho ilikuwa yake, na Kola hakuongeza dau, kwa hiyo akaziona za mezani bure. Karata tatu zikafunuliwa, moja ikiwa ree, ile inayomzidi mfalme. Kola, aliyezoea kusukuma kwa kishindo, akasogeza vifungo viwili kwa ncha ya kidole, akaitazama ile ree, akaitazama tena.

Anaiogopa, akawaza Bibi Akiba. Akishindwa, ni pembeni mwaka mzima, na mwaka hautaisha kabla hajapokonywa cherehani. Akavisukuma vyote.

Kola akajikuna shingo, akafunua zake: wafalme wawili.

"Naziacha," akasema. "Mtu aliyetupa tangu tuanze hawezi kusukuma bila ree."

Kola akaanza kucheza kwa hasira, na vifungo vilivyobaki mbele yake havikufika nusu saa. Mpiga pasi alipotangaza mshindi, Kola alikuwa bado anaukumbuka ule mgao.

"Niambie basi, Bibi. Ree ya pili ulikuwa nayo? Ulikuwa na nini pale?"

Bibi Akiba alikwishasimama, mkono uko juu ya cherehani yake.

"Nilikuwa na macho mabovu, Fundi. Sogeza cherehani yako nipite."