Radhi Aliyoiomba Sumaila

Bakaina Tienta alizaliwa ndani ya mtumbwi, au ndivyo mama yake alivyopenda kudai, na nani angembishia? Wao ni Wabozo, watu wa mto, na mtoto wa Kibozo anayezikataa nyavu ni msiba mdogo nyumbani kwao. Bakaina alizikataa. Alitaka redio. Baba yake akamwambia, "Haya, nenda kavue maneno, tuone kama yatakaangika."

Yakakaangika. Akawa ndiye sauti ya kituo chetu kidogo pale Mopti, nchini Mali: kina cha mto, bei ya samaki, harusi, vifo, mbuzi wa fulani kapotea. Fundi wa mitambo alikuwa Sumaila, mtu mpole mpaka anachosha. Akimkanyaga mbuzi, anamwomba radhi mbuzi. Ndivyo mama yake, Bi Kumba, alivyomlea huyo mwanawe wa pekee: kosa liwe lako, lisiwe lako, wewe omba radhi, hutapungukiwa na kitu.

Mwaka ule ghala za mtama zilichomwa huko milimani, watu wakawa wanasema hili na lile. Bakaina akataka kuwasikia waliochomewa wenyewe. Sumaila hakutaka kwenda. Alisema wazi, "Kaka, mimi naogopa." Bakaina akamcheka, akamwambia mtambo wa kurekodia haujui kujiwasha. Basi wakaenda. Kabla hawajafika, pikipiki zikatoka vichakani, vilemba, bunduki, na habari ikawa wao wenyewe.

Watu wa msituni wakawafunga kwa kamba za punda chini ya miti ya miiba. Vitambulisho vikatiwa moto siku hiyo hiyo. Maji waliyopewa yalinuka dizeli, na ugali wa mtama ulikuja mkavu, bila mchuzi. Mkubwa wao alikuwa mtu wa mbali, hana habari na mila za huku. Lakini msaidizi wake, Antandu, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa Mdogoni, kabila la wakulima wa vitunguu wa majabalini, na nusu ya wapiganaji pale walikuwa watu wake.

"Jina?" Antandu aliuliza.

"Tienta."

Mzee akaziba pua. "Lahaula! Mvuvi! Ndiyo maana tangu asubuhi nasikia uvundo wa kambare."

Na Bakaina, mikono imefungwa, roho iko mkononi, akajibu kabla hajafikiri: "Huo ni mdomo wako unausikia, nyani wee. Umekula vitunguu mpaka vimekuotea puani."

Antandu akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa, Mbozo na Mdogoni ni watani, na utani wao si wa kuchekeshana harusini tu. Ni wa damu. Mababu waliapa kwamba damu ya mmoja haimwagwi na mwenzake, wala hakai akitazama ikimwagwa. Atakayevunja, nyumba yake imekwisha. Ndiyo maana wanatukanana tangu kukucha. Mtani anayekutukana hana neno nawe. Ogopa siku atakapokuita bwana.

Kwa matusi hayo Bakaina akaishi. Kila asubuhi Antandu alikuja kumtukana, akamlegezea kamba, akamwachia kipande cha nyama kavu. Sumaila naye alikuwa na watani wa ukoo wake Mali nzima, ila pale, kwa bahati yake mbaya, hapakuwa na hata mmoja.

Kisha helikopta za jeshi zikaanza kuzunguka, ikabidi wahame. Mateka ni mzigo. Mkubwa akasema wauawe wote wawili. Antandu akamwambia, mvuvi akiguswa, yeye na watu wake wanaondoka leo leo. Mkubwa akatukana mila za kishenzi, lakini akakubali. Antandu akaja kwa Bakaina. "Wewe unakwenda zako. Na huyu?"

"Ndugu yangu," alisema Bakaina. "Baba mmoja, mama mmoja. Mvuvi mwenzangu."

Uongo huo ulimtoka laini kama siagi. Antandu akawatazama kwa zamu, mmoja mweusi tii, mmoja mwekundu, hawafanani hata ukucha. "Nitakuja kumwamkia," alisema, akaenda kufunga mizigo.

Bakaina akamgeukia Sumaila. "Nisikilize. Akikutukana, mtukane. Usitazame chini. Mwambie nyani, mwambie mla vitunguu, mwambie lolote."

"Mzee yule? Ana mvi, kaka."

"Mvi zake ziache! Mtukane, Sumaila, nakuomba kwa jina la Mungu."

"Nitajaribu," alisema Sumaila.

Walirudia pamoja. Nyani wee. Mla vitunguu wee. Sumaila alisema vizuri, hata akatabasamu kidogo, na Bakaina akaanza kuamini kwamba watafika nyumbani wote wawili.

Antandu alirudi na mkubwa wake nyuma, na vijana wenye bunduki. Akasimama mbele ya Sumaila, akakunja uso. "Eti wewe nawe mvuvi? Mama yako namjua. Aliniuzia samaki ameoza, akaniapia kafa asubuhi hiyo!"

Bakaina alikuwa na majibu kumi mdomoni. Ulimla na miba yake, nyani wee, ukalamba na gazeti! Lakini mtani hajibiwi na mwingine. Akamtazama Sumaila, akamwona anainamisha kichwa.

"Nisamehe, mzee," alisema Sumaila. "Namwombea radhi mama yangu."

Kicheko alichokuwa amekiandaa Antandu hakikutoka. "Huyu si mvuvi," alisema polepole. "Mtani haombi radhi." Bakaina akapiga kelele, akasema mwenzake anaumwa, amechanganyikiwa, aulizwe tena. Antandu akamwinamia, akamkata kamba. "Umenidanganya. Na hata hilo siwezi kukukasirikia. Nenda, usigeuke."

Alikwenda. Aliposikia mlio wa bunduki aligeuka, lakini vichaka vilikuwa vimeshawaficha.

Nyumbani kwa Bi Kumba watu walikuwa wamekaa mikekani. Njia nzima Bakaina alikuwa ametunga uongo wa kumpa. Bi Kumba akamshika mkono. "Niambie neno lake la mwisho. Wewe ni mtu wa habari, mwanangu, usinipambie."

Uongo ukamkataa. "Alisema, namwombea radhi mama yangu."

Bi Kumba akafumba macho. Machozi yakamtiririka, na uso ukamng'aa. "Mmesikia? Mmesikia jamani? Bunduki kichwani, na mwanangu ananiombea mimi radhi za Mungu! Nimelea, wallahi nimelea!" Akamvuta Bakaina karibu. "Litangaze redioni, hivyo hivyo, kwa maneno yake."

"Mama, redioni…"

"Kwani mbuzi waliopotea mnawatangaza, mwanangu asitangazwe?"

Afanyeje? Amwambie mama wa watu kwamba malezi yake ndiyo yaliyomwua mwanawe? Maisha yake yote Bakaina alitufundisha kwamba habari isiyosema kwa nini si habari. Akakaa mbele ya mitambo, akaiwasha mwenyewe, akasoma: Sumaila mwana wa Kumba amefariki dunia mikononi mwa watu wa msituni, na neno lake la mwisho alimwombea radhi mama yake. Alisoma mara mbili, kama tusomavyo vifo vyote. Sokoni wanawake waliacha kupima samaki wakaitikia amina.

Ijumaa iliyofuata Bi Kumba alifika kituoni mwenyewe, amevaa vizuri, akaomba lisomwe tena. Bakaina akalisoma. Na Ijumaa ya pili yake alikuja pia.