Matambara Yaliyowaka Bila Kiberiti

Nitawasimulia, lakini mnisubiri nimalize ndipo mcheke, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile natamani ardhi ya mtaa wetu wa Majengo, hapa Goma, ipasuke inimeze. Nilimharibia mdogo wangu posa kwa mafuta ya mahindi. Ndiyo, haya haya ya kukaangia sambaza, vile visamaki vya ziwani. Na kibaya zaidi, mimi ni prof, yaani mwalimu, wa kemia (wanafunzi wangu wakisikia haya, basi tena).

Neema, mdogo wangu, anayeniita yaya kama tunavyowaita wakubwa zetu huku, alikuwa amempata Patrick, kijana mpole wa familia ya Kikatoliki ya upande wa Bukavu, wanakaa hapa mjini, mtaa wa Himbi, na tulikuwa tunawangoja wakwe Jumamosi, mara wakatuma habari asubuhi ya Alhamisi kwamba wanakuja kujitambulisha alasiri ile ile. Baba hayupo tena, kwa hiyo mwenye nyumba ni mimi. Nikaangalia viti vyetu vya mbao, vimepauka hadi vinatia huruma, nikaona aibu. Vernisi, ile ya kung'arishia mbao, isingekauka kabla hawajafika. Basi nikaingia jikoni, nikachukua bidon, dumu la mafuta ya mahindi lililotoka Bunagana mpakani, nikayapasha moto kidogo ili yaingie vizuri kwenye mbao, nikachana fulana kuukuu, nikaanza kupaka.

"Mutoto yangu," mama akasema, "ile mafuta ni ya kupikia, haiko ya kiti."

"Mama, mimi ni prof."

(Hilo ndilo jibu nililompa mama yangu mzazi.) Viti vikang'aa, jamani, viling'aa! Mama akaleta vitambaa vyake vya kufuma avitandaze juu, nikavitoa vyote, kimoja baada ya kingine, ili wakwe wauone mng'ao. Yale matambara yaliyolowa mafuta nikayasokomeza kwenye gunia, nikalitupa nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa mabati unaopigwa jua, na upande wa pili wa ukuta huo majirani walikuwa wanatupikia kwenye makaa tangu asubuhi.

Sasa sikieni ninachofundisha kila mwaka. Mafuta ya mahindi ni mazuri ya kukaangia, hayana harufu, yanavumilia moto, lakini si vernisi: ukiyapaka kwenye mbao hayakauki upesi, yanabaki juu yanateleza, baadaye yananata, yanakamata kila vumbi linalopita, na vumbi letu la Goma, la volkano, mnalijua rangi yake. Nilijua haya yote. Nilikuwa nayo kichwani, yamekaa tu.

Wageni wakafika, tukasali, tukanywa soda. Baba mkubwa wa Patrick, muzee mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa, akasimama kutoa neno, akageuka kumwinamia mama kwa heshima, na sote tukaona. Mgongo mzima na huko chini, madoa meusi yenye mafuta. Mama Chantal, shangazi wa Patrick, aliyevaa nyeupe tupu, akajipapasa nyuma, akautazama mkono wake.

"Prof, ni nini hii mulipakala kwa kiti?"

Kabla sijajibu, moshi ukaingia ndani. Nikakimbia nyuma, wageni wote nyuma yangu, nikakuta gunia linafuka, na mimi kwa akili zangu nikalifungua, likapata hewa, moto ukapanda mbele ya macho ya wakwe. Nikalifukia kwa changarawe.

"Nani aliiwasha?" Mama Chantal akauliza. Waliokuwa wanapika wakaapa hawajafika upande ule.

Hapo ningesema sijui. Ningesema ni cheche ya makaa, mambo yangekwisha, tungecheka, tungekula. Lakini mimi nikasema, "Hakuna mutu aliiwasha. Ilijiwasha yenyewe." Kisha nikawapa somo: kwamba matambara yenye mafuta yakirundikwa, mafuta yanaungana na hewa, yanatoa joto, joto linakosa pa kutokea, linazidi na kuzidi mpaka nguo inashika moto. Nikamaliza kwa kuwauliza, "Tuko pamoja?"

Hatukuwa pamoja. Muzee akachukua kofia yake. "Prof, miye sijaona moto ya kujiwasha kwa nyumba ya watu ya Mungu." Wakaondoka bila kuonja chakula, na kabla ya giza Majengo nzima ilikuwa inasema kwa Prof kuna moto usio na mwenyewe. Uchawi, kwa neno moja. Patrick akampigia Neema simu, akamwambia wazee wanataka kwanza kusali. Neema akaacha kula, na mimi moyo ukaniuma kweli kweli, sikulala.

Nikaamua kuwaonyesha wakwe kwa macho yao. Jumapili baada ya misa nikaenda Himbi na mafuta, fulana na gunia. Wakanipokea kwa heshima, wakanipa chai barazani. Nikapaka, nikarundika, nikakaa kungoja. Mawingu yakaja kutoka ziwani, mvua ikaanza kunyunya, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa, na mimi nainama kila mara kunusa gunia, namwomba Mungu moshi, hata kidogo tu. Patrick alikuwa anatazama chini. Jioni Mama Chantal akaingiza mkono kati ya matambara, akautoa, akaupangusa taratibu.

"Kwetu haiwake, Prof," akasema, bila hasira hata kidogo. "Inawaka kwenu tu."

Nilikuwa na la kusema, kwamba bila jua, mabati na makaa joto halipandi. Nikabeba gunia langu, nikaaga. Nilikuwa nimekwisha kabisa.

Nikamkuta Neema kwenye mlango wa uzio wetu, amesimama kwenye mvua.

"Yaya, iliwaka?"

"Hapana."

Akanipokea gunia mkononi, kama unavyompokea mtu aliyetoka safari, akaingia ndani. Patrick amekwisha kuoa msichana mwingine, kule kule Himbi.

Siku hizi tambara lenye mafuta nalilowesha maji, nalianika peke yake kwenye kamba, mbali na jiko, na mafuta ya mahindi siyatoi kwenye sufuria. Nimeapa pia kwamba akija mwingine kumposa Neema nitakaa kimya kama bubu, aongee mama. Mpaka leo hajaja mtu.