Bolti Niliyoikata Njoro

Wiki jana, katika gereji moja mjini Nakuru, nilimtazama fundi akikaza nati za gurudumu la gari langu kwa spana ya kupimia nguvu. Nguvu ilipofika kipimo, ililia tak, naye akaacha papo hapo. Nikamkumbuka baba.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Njoro, sisi wawili tu tangu mama afariki. Mchana ule baba alikuwa akifunga magurudumu ya trela, kwa sababu alikuwa anaenda Narok kubeba ngano, nami nibaki kwa shangazi. Uani kulinuka dizeli na makapi. Nilimsikia akimwambia jirani, "Nati ikilegea njiani, mtu anaweza kukosa kurudi."

Alipoingia ndani kunywa chai, nilichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, kama nilivyomwona akifanya, nikaningʼinia juu yake kwa uzito wangu wote. Nilidhani kukaza hakuna mwisho. Kitu kikalia kama mfupa ukivunjika, nikaanguka mavumbini.

Baba alitoka mbio, akaokota kipande cha bolti.

"Bolti huvutika kidogo ndiyo ishike," alisema polepole. "Ukizidisha, inakatika. Kwani ulikuwa unataka nini, Wambui?"

"Urudi."

Alikaa chini kando yangu, mikono imejaa grisi.

Bolti nyingine ilipatikana kesho yake, akaondoka. Alirudi baada ya mavuno mawili, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza kumwita shangazi mama.