Majina Kumi na Mawili ya Kiwanda cha Nyuzi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, karani mmoja mstaafu wa maktaba aliwafundisha wahariri wapya wa ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuirekebisha. Walikutana katika chumba cha nyuma cha maktaba ileile: kompyuta sita, moja imekufa, na feni iliyolalamika zaidi kuliko ilivyopuliza. Walimwita Mzee Ushahidi, kwa kuwa hakuna sentensi aliyoiacha ipite bila kuuliza imetoka kitabu gani, ukurasa wa ngapi.

"Hata mkewe akimwambia chakula tayari, anadai marejeo," alitania dereva mstaafu aliyekaa karibu na mlango.

"Na asipoyatoa, sili," mzee alijibu, wakacheka.

Mwaka huo alijiunga fundi cherehani, mama wa makamo. Mazoezi hakuyagusa. Alifungua makala ya kiwanda cha nyuzi kilichofungwa zamani, palipoandikwa kwamba hakikuwahi kupata ajali ya kuua mtu. Chini yake akaandika kwamba tangi la mvuke lilipasuka, likaua wafanyakazi kumi na wawili. Akaorodhesha majina yao. La tatu lilikuwa la baba yake.

"Mwanangu, haya umeyatoa wapi?" mzee aliuliza.

"Kwa mama. Aliyataja kila mwaka, siku ileile, mpaka anafariki."

"Pole sana. Lakini mama si chapisho. Ile sentensi ya juu inatoka kwenye kijitabu cha kampuni. Yako haina kitu nyuma yake. Nakuwekea alama, siku saba zikipita bila ushahidi, yanaondolewa."

"Kwa hiyo uongo ukipigwa chapa unakaa, baba yangu anatoka?"

"Gazeti la mji lazima liliandika. Nitakutafutia mwenyewe."

Hakuwa anamtuliza tu. Jumatatu aliomba ufunguo wa stoo aliyoitunza miaka thelathini na moja. Magazeti ya mwaka wa ajali hayakuwapo rafuni. Alifungua daftari la vitu vilivyoondolewa, akashuka na kidole mpaka kwenye mstari mmoja: magazeti ya mwaka huo, robota nne, mchwa, zimechomwa. Sahihi ilikuwa yake. Na alikumbuka vizuri. Mchwa walikuwa wamekula robota moja tu. Mkaguzi alikuwa njiani, naye alitaka rafu safi, akaziandika zote pamoja.

Jumamosi fundi aliwahi kabla ya wote isipokuwa dereva.

"Shikamoo, Mzee. Umelipata?"

"Marahaba. Nililichoma, mwanangu. Miaka mingi iliyopita. Robota tatu zilikuwa nzima."

Fundi aliweka mkoba wake mezani.

"Na hilo la kuchoma, lina ushahidi?"

"Linao. Kuna sahihi yangu."

Fundi alichukua mkoba wake, akatoka. Dereva, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliinamia viatu vyake.

Mzee alikaa kwenye kompyuta. Angeweza kuyafuta majina yote kwa mara moja. Aliyafuta moja moja, kila moja akilisoma kwa sauti kwanza. Kwenye kisanduku cha sababu aliandika, kama alivyowafundisha wengine: hakuna chapisho. Akasita, akaongeza: lilichomwa na mhariri huyu. Kisha akabonyeza kuhifadhi.