Gemu la Mjomba na Mkono Wangu wa Kushoto

Harufu ya plastiki iliyopata moto, ikichanganyika na vumbi, hunirudisha Same moja kwa moja, kwenye chumba cha mbele cha mjomba Eliamini. Hapo ndipo nilipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya mtumba, rangi ya maziwa yaliyochacha, na ikishawaka saa moja ungeweza kuota moto mgongoni mwake.

Mjomba alikuwa mpiga chapa wa ofisi kwenye shamba la mkonge. Shamba lilipobinafsishwa wafanyakazi wakapunguzwa, naye kiinua mgongo chake chote akakigeuza kuwa mashine ile. Siku za kazi aliwachapia watu barua za kuomba ajira ambazo hazikuwepo. Jumamosi alasiri, wateja wakikauka, alituruhusu watoto wa mtaa wetu kucheza gemu lililokuja nayo.

Lilikuwa gemu la bunduki. Mtu wako humwoni; unaona anachokiona yeye, na mtutu ukichungulia chini ya kioo. Mkono wa kulia unashika kipanya, unageuza macho na kufyatua. Wa kushoto unakaa kwenye vitufe vinne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Hiyo ndiyo miguu yako. Ukifa, unampisha mwingine.

Mfalme wetu alikuwa Zakaria wa kidato cha pili, kijana mwenye shabaha ya kutisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tumeshuka kutoka Gonja, milimani, mwaka uleule, na Jumamosi nne nzima nilisimama nyuma ya viti bila kupewa nafasi.

Tena nilikuwa na aibu yangu. Mimi ni wa kushoto. Bibi alikuwa akisema mkono wa kushoto haupokei baraka, na mwalimu wangu wa darasa la tano aliukumbusha hilo kwa rula kila ulipojisahau ukashika kalamu. Basi nikazoea kuukalia, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Jumamosi ya tano, Zakaria alikufa zamu tatu mfululizo kwenye ukumbi wenye nguzo. Mjomba akanigeukia.

"Namkunda, njoo ukae."

"Huyu?" Zakaria akacheka. "Mjomba, huyu wa milimani hata kipanya hajawahi kushika!"

"Kwani wewe ulizaliwa umekishika? Mpishe."

Nilikaa, miguu ikining'inia. Mwanzoni nilijigonga ukutani kama nzi dirishani, na vicheko vikajaa chumba. Kisha vidole vya kushoto vikaanza kuelewa. Yule mtu hakusimama pale nilipoachia kitufe. Aliteleza kidogo, kama unavyoteleza kwenye udongo mwekundu wa kwetu baada ya mvua. Na mtoto wa Gonja anajua: hungoji ufike ndipo ujizuie. Unajizuia mapema, mwili unamalizia wenyewe.

Nikagundua pia kwamba naweza kwenda kando huku macho yakibaki mbele, kama unavyopita ukingoni mwa mfereji. Zakaria alikuwa akisimama ndipo alenge. Mimi sikusimama. Nilitoka nyuma ya nguzo, nikarudi, nikatokea upande wa pili, na kila nilipokwepa, mwili wangu wote ulilala upande huohuo mpaka kiti kikalia. Shabaha yangu ilikuwa ovyo, risasi nyingi ziliua kuta. Lakini za maadui waliokuwa ukumbini hazikunipata. Mmoja akaanguka, wa pili, wa mwisho, na mlango ambao hakuna aliyewahi kuupita ukafunguka.

Chumba kililipuka. Mjomba alipiga kelele kuliko watoto wote.

"Umefanyaje?" Zakaria aliuliza, bila kejeli. "Hebu nione huo mkono."

Nikauinua juu, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza maishani.

Jumatatu darasani niliandika kwa kushoto. Mwalimu akaja akasimama pembeni yangu, rula mkononi.

"Mwalimu," nikasema, "huu ndio unaojua."

Akaishusha rula. "Haya, andika. Ila isomeke."

Nilikwenda nyumbani nikiimba. Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba wiki ile nilishinda mara mbili, peke yangu.

Nilikuwa tayari nina watoto wangu siku mama aliponiambia, tukichambua tangawizi barazani, kwamba ile Jumapili ya katikati, baada ya ibada, mjomba alikwenda nyumbani kwa mwalimu. Alimwambia amepiga chapa miaka kumi na minane kwa mikono yote miwili, na hakuna barua iliyowahi kuuliza herufi ipi imetoka mkono upi.

"Alikwenda kwa miguu, jua lile," mama alisema. "Na alivaa shati lake la ofisini. Tangu wampunguze kazi hakuwa amepata mahali pa kulivalia."